Umeme wa upepo na haki ya ndege: Kutokusudia kunatosha?



Ndugu msomaji, suala ninalotaka tulitazame leo linaweza kuonekana dogo mbele ya matatizo tuliyo nayo. Watu wana njaa, hospitali hazina dawa, na huyu anatuletea habari za ndege! Hata hivyo naomba univumilie, kwani ndani ya suala hili dogo limo swali kubwa ambalo kila Muislamu atakuja kuulizwa kwa namna moja au nyingine. Swali lenyewe ni hili: mtu akifanya jambo jema, na katika kulifanya akamdhuru kiumbe asiye na hatia bila ya kukusudia, je, kule kutokusudia kwake kunatosha kumtoa lawamani?

Jambo jema ninalolizungumzia ni umeme wa upepo. Ni umeme usiotoa moshi, usiochoma mafuta wala makaa ya mawe, na upepo wenyewe hatuununui kwa mtu, ni neema ya Allah (s.w.). Sisi tuliopitia mgao wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka kwa ukame, tunajua nini maana ya nchi kutegemea mvua peke yake. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani naandika haya kwa kuupinga umeme wa upepo. Hapana.

Tatizo ni kwamba mitambo hiyo huua ndege. Ncha ya pangaboi la mtambo mkubwa, japokuwa ukiitazama kwa mbali unaona inajizungusha taratibu kama mtu asiye na haraka, hukata hewa kwa mwendo unaoweza kuzidi kilomita 250 kwa saa. Waathirika wakubwa ni wale ndege wazito wenye mbawa pana, yaani tai, korongo na tumbusi walao mizoga. Hawa hawapigi mbawa muda wote. Husubiri jua lipashe ardhi moto, hewa ipande, nao wajiachie wapande nayo, kisha waelee mbali bila ya kutumia nguvu. Penye vilima vyenye upepo mzuri ndipo wanapopapenda wao, na ndipo wanapopapenda wawekezaji pia. Isitoshe, wataalamu waliochunguza macho ya tumbusi wamebaini kuwa anapoinamisha kichwa akitafuta mzoga ardhini, mbele yake haoni. Mwenyezi Mungu alimuumba katika anga ambayo haikuwa na kitu cha kugonga.

Wala tusidhani ni habari za mbali. Iko njia kubwa ya ndege itokayo Ulaya na Asia, ikapita Sham na Bahari ya Shamu, ikashuka Misri na Sudan, kisha ikafuata Bonde la Ufa hadi huku kwetu. Ndege wakubwa zaidi ya milioni moja na nusu huifuata njia hiyo kila mwaka. Wale korongo weupe tunaowaona wakitembea katika mbuga na mashamba yetu miezi ya masika ya vuli hadi kiangazi cha Januari na Februari ni wasafiri waliopita juu ya Ghuba ya Suez. Na pembezoni mwa ghuba hiyo, mahali paitwapo Gebel el-Zeit, Misri imejenga mitambo ya upepo ya jumla ya megawati 580, iliyokamilika mwaka 2018. Kwa hiyo ndege anayeokota panzi shambani kwa mkulima wa Tanzania roho yake imepita mikononi mwa fundi wa umeme wa Misri.

Katika kulijadili jambo hili nimesikia kauli mbili, na nionavyo mimi zote zina kasoro.

Kauli ya kwanza: ndege ni ndege tu

Wapo wasemao kuwa Mwenyezi Mungu amevitiisha vilivyomo ardhini kwa ajili ya mwanadamu, sasa ya nini kuumiza vichwa kwa ajili ya tai? Kuku tunachinja kila siku, mbona hatuulizwi?

Hoja hii inasahau kwamba kutiishiwa kitu si kumilikishwa. Mwanadamu ni khalifa, na khalifa ni mtu aliyekabidhiwa amana, na kila mwenye amana ana siku yake ya kutoa hesabu. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Mola wetu ametufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wenye kuruka kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Hebu tulipime neno hilo umma. Hakuwaita chombo wala mapambo. Na katika Surat Al-Mulk ametutaka tuwatazame ndege juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa, na kutukumbusha kuwa hakuna awashikiliaye ila Yeye Ar-Rahman. Sasa kiumbe anayeshikiliwa na Ar-Rahman angani, mimi na wewe ni nani hata tuseme kuwa ni ndege tu?

Ama hoja ya kuku, jibu lake liko katika hadithi aliyoipokea An-Nasai, kwamba mwenye kumuua shomoro, au mdogo au mkubwa wake, bila ya haki yake, ataulizwa na Allah Siku ya Kiyama. Masahaba walipouliza haki yake ni ipi, Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni kumchinja akamla, si kumkata kichwa kisha akamtupa. Kuku wetu anachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na analiwa. Tai aliyekatwa bawa na pangaboi haliwi na mtu. Anakufa pale chini, pengine baada ya siku mbili za maumivu, na hakuna aliyemhitaji afe. Huyo ndiye hasa shomoro wa hadithi, aliyekatwa kichwa kisha akatupwa.

Kauli ya pili: mitambo iondolewe

Wapo wengine, hasa katika nchi za Magharibi, wasemao kuwa maadamu mitambo inaua ndege basi isijengwe kabisa. Kauli hii ina sura ya huruma, lakini inafaa tuitazame vizuri.

Nchini Marekani, makadirio ya wataalamu ni kuwa mitambo ya upepo huua ndege laki kadhaa kwa mwaka. Ni wengi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa paka peke yao huua si chini ya ndege bilioni moja nchini humo kila mwaka, na vioo vya madirisha ya majengo huua mamia ya mamilioni. Ukimsikia mtu anawalilia ndege pale tu unapotajwa upepo, lakini hana neno juu ya vioo vya maghorofa yake, wala juu ya mafuta yanayomwagika baharini, wala juu ya moshi unaobadili hali ya hewa ya dunia nzima, basi una haki ya kujiuliza kinachomliza ni ndege au ni biashara ya mafuta.

Halafu kuna mizani ya sheria. Wanazuoni wetu wametuwekea kanuni kwamba yakigongana madhara mawili, huchukuliwa lililo jepesi ili kuepuka lililo zito. Mama anayejifungulia kwenye zahanati kwa mwanga wa tochi ana haki juu yetu. Mtoto anayesoma kwa kibatari akivuta moshi ana haki juu yetu. Huwezi kuwaambia hawa wabaki gizani kwa ajili ya tai, ilhali wewe unayewaambia taa zako zinawaka usiku kucha.

Hata hivyo, kulinganisha hesabu hakumsafishi mtu. Mwizi hatoki mahakamani kwa kusema kuwa yuko mwizi mwenzake aliyeiba zaidi. Na hesabu yenyewe inadanganya, kwani ndege hawalingani. Paka anakamata ndege wadogo wanaotaga mayai mengi kila mwaka. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka, na kinda wake huchukua miaka kadhaa hata naye aweze kuzaa. Ukiua tumbusi mmoja mzima umefuta kazi ya miaka. Aina mbili za tumbusi wa Afrika, wale wa mgongo mweupe na wale waitwao wa Rüppell, tangu mwaka 2015 wamewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Ndio maana nikasema kauli zote mbili zina kasoro: ya kwanza inamsahau ndege, na ya pili inamsahau mwanadamu.

Sasa turudi kwenye niya

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Mwenye mtambo atasema: mimi sikukusudia kumuua yeyote, nimekusudia kuleta umeme, na matendo huzingatiwa kwa niya. Ni kweli matendo huzingatiwa kwa niya. Lakini je, sheria yetu inamwachia aliyeua bila ya kukusudia aende zake mikono mitupu?

Tukitazama katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa bahati mbaya hakuambiwa basi yameisha kwa kuwa hukukusudia. Ana kafara na ana diya. Dhambi ya kukusudia hana, lakini jukumu analo. Na usije ukasema hayo ni kwa binadamu peke yake. Mwenye kuwa katika ihram akiua mnyama wa mawindo, Surat Al-Maida, aya ya 95, imemwekea fidia kama amekusudia, na jamhuri ya wanazuoni wakasema hata aliyeua kwa kukosea atalipa vilevile. Masahaba walihukumu kuwa njiwa mmoja wa Makka fidia yake ni mbuzi au kondoo mzima. Njiwa mmoja kwa kondoo!

Najua kuwa hukumu hizo ni za ihram na za Haram, wala simtolei mtu fatwa kuwa kampuni ya umeme ichinje kondoo kwa kila tai. Hiyo ni kazi ya wenye elimu. Ninachokitoa hapo ni funzo moja: katika Uislamu, kutokusudia hupunguza dhambi lakini hakufuti jukumu. Uhai ukishapotea kwa mkono wako, kuna kitu unadaiwa.

Lipo na jambo la pili. Bahati mbaya ni ile ya mara ya kwanza. Katika bonde la Altamont, California, mitambo kwa maelfu ilijengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haukupita muda mrefu ikajulikana kuwa tai wanauawa pale. Mwaka wa kwanza unaweza kusema hukujua. Ukishaziokota maiti, ukazihesabu na kuziandika daftarini, mwaka unaofuata huwezi tena kuleta neno la bahati mbaya. Mtu anayeendesha gari akamgonga mbuzi gizani ni tofauti na mtu anayejua kuwa kila jioni mbuzi huvuka pale, na kila jioni anapita kwa mwendo uleule. Huyu wa pili hakukusudia kumgonga mbuzi, ni kweli. Lakini amekusudia kutopunguza mwendo, na hilo ndilo atakaloulizwa.

Udhuru uliobaki ni mmoja tu, nao ni kusema kuwa haiwezekani. Na udhuru huo, alhamdulillahi, umeshaondoka.

Kusini mwa Hispania kuna mji wa Tarifa, ulioitwa hivyo kwa jina la Tarif bin Malik, kamanda Muislamu aliyetua hapo mwaka 710. Eneo hilo lina mitambo mingi na tumbusi wengi. Kuanzia mwaka 2008 waliwekwa watu wa kuangalia anga, na wakiona tumbusi anaelekea kwenye mtambo wanapiga simu, mtambo ule mmoja unasimamishwa kwa dakika chache, kisha unawashwa. Vifo vya tumbusi vilipungua kwa nusu. Na umeme uliopotea? Asilimia 0.07. Hiyo ni chini ya sehemu moja katika elfu moja.

Huko Norway, katika kisiwa cha Smøla, tai wa mkia mweupe walikuwa wakiuawa. Watafiti wakapaka rangi nyeusi pangaboi moja kati ya matatu katika mitambo minne, ili ndege aone kitu kinachopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vifo katika mitambo ile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Ni jaribio dogo, mitambo minne tu, lakini gharama yake ni ndoo ya rangi.

Wala haya si ya Ulaya peke yake. Kule Gebel el-Zeit nako hutumika rada na waangalizi wenye darubini katika misimu ya ndege kupita, na mitambo husimamishwa makundi yanapokaribia. Jirani zetu Kenya, katika mradi wa Kipeto ulioko Kajiado, wenye mitambo 60 na megawati 100, ulioanza kuuza umeme mwaka 2021, vijana wa Kimasai wamefundishwa kuwatambua tumbusi na kutoa taarifa mtambo usimamishwe. Mizoga ya mifugo huondolewa karibu na mitambo ili tumbusi wasivutike kuja. Wafugaji wakasaidiwa kuimarisha mazizi, ili simba na fisi wasile ng'ombe wao, nao wasiweke sumu kwenye mizoga, kwani sumu hiyo huua tumbusi wengi kuliko pangaboi lolote.

Na juu ya yote hayo iko njia iliyo nyepesi kuliko zote: kuchagua mahali kabla ya kujenga. Mtambo uliojengwa pasipo mapito ya ndege hauhitaji mlinzi.

Kanuni ya fiq'hi inasema kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Umeme ni haja kubwa, tumekubali. Lakini je, ile sehemu moja katika elfu ni haja? Mtu asiyetaka kupoteza hata hiyo ili kuokoa umma mfano wetu, huyo hasemi tena lugha ya dharura. Anasema lugha ya faida.

Mahakama za duniani zimeanza kuliona hilo. Mwaka 2022, nchini Marekani, kampuni moja ya umeme wa upepo ilikiri makosa na kuamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 8 baada ya tai wasiopungua 150 kufa katika mitambo yake. Ni hatua. Lakini faini ina hatari yake, kwani tajiri anaweza kuigeuza kuwa bei. Akishajua kila tai ni kiasi gani, anaandika katika hesabu za matumizi na kuendelea. Muislamu hana njia hiyo. Sisi tunaamini kuwa yule mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa ameingia motoni, na hatujasikia kwamba alikuwa na kiwango cha kulipa ili yaishe.

Kwa asiyeguswa na Akhera, basi na atazame dunia. Nchini India, katika miaka ya 1990, ng'ombe walipewa dawa ya kutuliza maumivu iitwayo diclofenac. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mnyama maumivu. Tumbusi wakala mizoga yenye dawa ile wakafa figo zikishindwa, na baadhi ya aina zao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki kuoza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawa balaa kwa watu. Serikali ya India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tumbusi hawajarudi kama walivyokuwa. Kumbe yule tuliyemwita ndege tu alikuwa bwana afya asiyelipwa mshahara.

Nini wajibu wetu?

Kwanza, kwa sisi wa Tanzania, ambako miradi ya upepo ya Singida na Makambako imezungumzwa kwa miaka mingi, na Mufindi mitambo michache imeshasimama, tusingoje hadi maiti zihesabiwe. Kila anapokuja mwekezaji, viongozi wetu waulize maswali matatu: ndege gani wanapita hapo, nani atakayekuwa akiangalia, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mtambo bila ya kumwomba mkubwa wake ruhusa. Wakazi wa eneo hilo waulizwe pia, kwani mchungaji aliyekulia pale anajua njia ya tai kuliko ripoti iliyoandikiwa hotelini.

Pili, tusinyooshe kidole kwa wengine huku mikono yetu ikiwa michafu. Kijana mwenye manati anayewaangusha ndege kwa mchezo, na mfugaji anayemwaga sumu kwenye mzoga, wao hawana hata udhuru wa kutokusudia. Walimu wa madrasa wanaweza kulifundisha hili pamoja na adabu nyingine.

Tatu, tuache israfu. Kila taa inayowaka chumbani pasipo mtu, na kila feni inayozunguka msikitini baada ya watu kutawanyika, ni sababu ya kuongeza mtambo mwingine mahali fulani. Anayetumia umeme naye ana fungu lake katika maswali haya, si mwenye kampuni peke yake.

Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki karne ya saba ya Hijria, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, hata mnyama aliyezeeka asiye na faida tena. Wakati huo hapakuwa na kiwanda wala umeme. Sisi tuliopewa rada, darubini na simu, tukashindwa kufanya walichoweza kukifikiria waliopanda ngamia, tutakuwa na jibu gani?

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: kutokusudia kunatosha kwa yule asiyejua na asiyeweza. Mwenye kujua, na akawa anaweza, hana pa kujificha. Umeme tuupate, na ndege apite salama, kwani imethibiti kuwa yote mawili yanawezekana.

Wabillahi tawfiiq.